Fundo Ndani ya Sumaku

Mtu akifunga kamba fundo, kisha akazikaza ncha zake mbili katika nguzo mbili, fundo lile halitoki tena. Waweza kulisukuma huku na huku. Waweza kulilegeza hata likawa kubwa kama kikapu, au kulikaza hata likawa dogo kama punje. Bali kulifungua huwezi, isipokuwa kwa kukata kamba au kuing'oa nguzo. Jambo hili kila mvuvi na kila mchunga ng'ombe amelijua tangu zamani, wala hakudhani kuwa ni elimu. Lakini, msomaji mpenzi, jambo hilo hilo limekuwa elimu kubwa, nayo yaitwa topolojia. Katika habari hii nataka kueleza jinsi elimu hiyo ilivyoingia ndani ya sumaku, maana njia iliyoipitia ni ndefu, na wengi walioitembea hawakujua walikuwa wakienda wapi.

Topolojia huchungua yale yasiyobadilika kitu kinapovutwa, kinapokunjwa au kunyoshwa, pasipo kukatwa wala kuunganishwa. Kwa mwenye elimu hiyo kitumbua na sahani ni umbo moja, kwa kuwa udongo laini uliofinyangwa mfano wa kitumbua waweza kubonyezwa ukawa sahani. Bali bangili ni umbo lingine, kwa sababu ina tundu, na tundu halipatikani kwa kubonyeza ila kwa kutoboa. Tena hapana bangili yenye tundu moja na nusu. Hesabu ya matundu ni moja, au mbili, au tatu; haiongezeki kwa kidogo kidogo. Lishike sana neno hili, ndilo litakalotufaa huko mbele.

Mwanzo wa elimu hiyo huhesabiwa kwa Leonhard Euler, ambaye mwaka 1735 alionyesha ya kuwa mtu hawezi kuyavuka madaraja saba ya mji wa Königsberg katika matembezi mamoja pasipo kurudia hata moja. Urefu wa njia haukuwa na maana katika hesabu yake, ila jinsi njia zilivyoungana tu. Jina lenyewe lilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1847 na Johann Benedict Listing, Mjerumani.

Sasa twende Uskoti, mwaka 1867. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Edinburgh, Peter Guthrie Tait, alikuwa ametengeneza sanduku lenye tundu upande mmoja na kitambaa kilichowambwa upande wa pili. Alilijaza moshi, akakipiga kitambaa kwa mkono, na pete ya moshi ikatoka tunduni ikaenda mbele chumbani, nzima, isivunjike. Alipotoa pete mbili zikakutana, ziligongana na kutetemeka kama vitu vya mpira, kisha kila moja ikaenda zake. Rafiki yake William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwapo akitazama. Alikuwa amekwisha kusikia kazi ya Hermann von Helmholtz ya mwaka 1858, aliyeonyesha kwa hesabu ya kwamba katika maji au hewa isiyo na msuguano hata kidogo pete ya namna ile haifi kamwe. Basi Thomson akawaza: Je, haiwezekani kwamba atomu zote ni pete na mafundo katika kitu chembamba kinachoujaza ulimwengu wote, ambacho watu wa siku zile walikiita etha? Atomu ya haidrojeni ingekuwa fundo la namna moja, ya chuma fundo la namna nyingine. Na kwa kuwa fundo halibadiliki kidogo kidogo likawa fundo lingine, ndiyo sababu atomu hudumu, na za aina moja zote hufanana.

Tait akaanza kuyahesabu mafundo yote yanayowezekana. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Kufikia mwaka 1877 alikuwa amemaliza yale ambayo kamba hujipita mara saba. Kisha kwa msaada wa kasisi mmoja wa Kiingereza, Thomas Kirkman, na mwalimu wa Marekani, C. N. Little, wakasonga mbele hata mara kumi. Lakini etha yenyewe haikupatikana. Mwaka 1887 Michelson na Morley waliutafuta upepo wake kwa nuru huko Marekani wasiuone, na baadaye wataalamu wakaiacha kabisa. Hesabu ya mafundo ikabaki mikononi mwa wanahesabu, kama nyavu za mtu aliyeambiwa ya kuwa bahari imekauka.

Wako wanaomcheka Thomson. Mimi sioni kuwa astahili kuchekwa. Jibu lake lilikuwa si kweli, lakini swali lake lilikuwa la kweli: ni kitu gani kinachokifanya kitu kidogo sana kidumu katika hali yake, hali kila kitu kinachokizunguka chatetemeka na kubadilika?

Thomson huyo huyo alifanya kazi nyingine ambayo watu wa pwani wataipenda zaidi. Alibuni mashine ya kutabiri kupwa na kujaa kwa maji. Ilikuwa na magurudumu mengi, kila gurudumu likishika sehemu moja ya mwendo wa mwezi na jua, na uzi mmoja ukipita juu ya yote ukijumlisha. Mtu akizungusha mkono wa mashine, kalamu ilichora maji ya bamvua na maji mafu ya miezi ijayo. Mtu mmoja aliyeshughulika na mashine hizo aliitwa Edward Roberts, na mojawapo ilikaa katika nyumba ya jamaa yake huko London. Katika jamaa hiyo alizaliwa mwaka 1922 mtoto aitwaye Tony Skyrme. Mtoto aliitazama mashine, na alipokuwa mzee alisimulia ya kuwa ilimwingia moyoni, pamoja na mawazo ya Kelvin juu ya atomu. Ndivyo jambo lililokufa katika vitabu lilivyohifadhiwa nyumbani.

Skyrme alipokuwa mtaalamu alirudia swali lile la zamani kwa namna mpya. Hakuzungumza tena juu ya etha, wala juu ya atomu nzima, bali juu ya protoni na neutroni zilizomo katika kiini cha atomu. Katika maandiko yake ya mwaka 1961 na 1962 alisema kwamba zaweza kufikiriwa kuwa ni msokoto katika nguvu iliyoenea pote, na idadi ya misokoto ni hesabu kamili, haipungui nusu wala robo. Wachache walimsikiliza. Miaka ishirini hivi ilipita kabla ya wengine kuyachukua mawazo yake kwa bidii, naye akafa mwaka 1987. Hakujua ya kuwa jina lake lingekuja kupewa kitu kilichomo ndani ya kipande cha madini.

Na sasa tuje kwenye sumaku yenyewe. Kila atomu ya chuma ni mfano wa sindano ndogo ya dira. Kama ndivyo, mbona msumari uliomo mfukoni hauvuti sindano? Mfaransa Pierre Weiss alijibu mwaka 1907: ndani ya chuma sindano zimegawanyika kwa mitaa. Katika mtaa mmoja zote huelekea kaskazini, katika mtaa wa pili kusini, na wa tatu mashariki. Kwa hiyo nguvu ya mmoja huiondoa nguvu ya mwenziwe. Mwaka 1931 Francis Bitter alinyunyiza unga mwembamba sana wa chuma juu ya madini yaliyosuguliwa vizuri, na kwa hadubini akaona unga umejipanga kwa mistari kwenye mipaka ya mitaa hiyo. Mwaka uliofuata Felix Bloch alieleza mpaka wenyewe ulivyo: sindano hazigeuki ghafula, bali kila moja hupinda kidogo kuliko jirani yake, hata baada ya mamia ya atomu mwelekeo umegeuka kabisa.

Hapo ndipo topolojia ilipoingia, ingawa hakuna aliyeikaribisha kwa jina. Mpaka wa namna hiyo waweza kuusogeza, kuupanua, au kuupinda. Lakini kuufuta hapo ulipo huwezi. Hauna budi kutokea kwenye ukingo wa madini, au kukutana na mpaka mwenziwe uliopinda kwa upande wa pili. Ni kama fundo letu katikati ya nguzo mbili.

Waliolijua jambo hili kwa uchungu ni mafundi. Mwaka 1967 Andrew Bobeck na wenzake wa maabara za Bell, Marekani, walianza kutumia madini membamba ambayo mitaa yake huwa viputo vya mviringo. Kiputo kikiwapo mahali fulani, maana yake ni moja. Kisipokuwapo, maana yake ni sifuri. Na kwa hizo mbili huandikwa kila kinachoandikwa katika kompyuta. Viputo vilitembezwa katika njia zao kama ushanga juu ya uzi, na umeme ulipozimwa maandiko hayakupotea. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1970 vilionekana viputo vikaidi. Nguvu iliyotosha kuviua viputo vingine haikuviua hivi. Na viliposukumwa kwenda mbele vilikwenda upande. Uchunguzi ulionyesha ya kuwa ukuta wa kiputo kikaidi umesokotwa mara nyingi kuzunguka duara lake, na msokoto ule haukuwa na mahali pa kutokea. Mafundi waliviona kuwa ni adui, wakabuni njia ya kuharibu kidogo uso wa madini ili visizaliwe. Walifaulu, na mashine za viputo ziliuzwa. Lakini kabla ya miaka ya 1980 kwisha zilikuwa zimeshindwa na namna nyingine zilizokuwa rahisi na nyepesi zaidi. Naona hapo palikuwa na kitu cha kutazamwa, bali fundi mwenye haraka ya kumaliza kazi hana nafasi ya kumwuliza adui yake jina lake.

Wakati ule ule, Birmingham huko Uingereza, katika chuo kikuu kile kile alichofundisha Skyrme, David Thouless alikuwa akifanya kazi na kijana Michael Kosterlitz. Kijana huyu alitaka kwenda Geneva kusoma mambo mengine, lakini alichelewa kupeleka barua zake, akaja Birmingham. Wawili hao waliuliza habari za utando mwembamba sana, ambao sindano zake zaweza kuzunguka zikiwa zimelala tu. Wakubwa wa elimu walikuwa wameonyesha kwamba katika utando wa namna hiyo mpango kamili wa sindano hauwezi kusimama, kwa sababu joto dogo tu huuvuruga. Kosterlitz na Thouless waliona, katika maandiko ya mwaka 1972 na 1973, ya kuwa kuna mabadiliko ya namna nyingine. Panapokuwa na baridi, visulisuli vya sindano huwa viwili viwili, kimoja kikizunguka kwa kuume na kimoja kwa kushoto, vimeshikana. Joto likifika kadiri fulani, jozi huachana ghafula na kila kimoja hutangatanga peke yake. Mrusi Vadim Berezinskii alikuwa ametangulia kuona sehemu kubwa ya jambo hili, lakini alikufa mwaka 1980. Mwaka 2016 Thouless na Kosterlitz walipewa tuzo ya Nobel, pamoja na Duncan Haldane, ambaye katika miaka ya 1980 aliuonyesha mkono wa topolojia katika nyuzi za atomu za sumaku. Siku ya kutangaza, mwalimu mmoja wa kamati ya tuzo alitoa mikate mfukoni, mmoja usio na tundu, mwingine wenye tundu moja, na mwingine wenye zaidi ya moja, ili waandishi wa magazeti wapate kuelewa. Nilipoisoma habari hiyo nilifurahi sana, maana mimi nami nilikuwa nimekwisha kutumia kitumbua darasani.

Kitu kinachoitwa kwa jina la Skyrme kilitoka Donetsk, mji wa makaa ya mawe katika Ukraine. Ilikuwa imejulikana tangu kazi ya Igor Dzyaloshinskii na ya Mjapani Toru Moriya, karibu na mwaka 1960, kwamba katika fuwele zingine, ambazo atomu zake zimepangwa kwa namna isiyolingana na sura yake kiooni, sindano jirani hazipendi kulingana sawasawa. Kila moja hupenda kuinama kidogo kwa jirani yake, tena siku zote kwa mkono mmoja, kama kamba isokotwavyo na mtu anayetumia mkono wa kuume tu. Mwaka 1989 Alexei Bogdanov na Dmitrii Yablonskii walihesabu na kusema: katika fuwele za namna hiyo, visulisuli vidogo vya sindano vitasimama vyenyewe, navyo vitadumu. Katikati ya kisulisuli sindano yaelekea chini. Ukingoni zaelekea juu. Na baina ya hizo, kila upande ambao sindano yaweza kuuelekea katika mbingu na nchi umepata sindano zake. Kwa hiyo hesabu ya msokoto wake ni moja kamili. Kitu hicho huitwa skirimioni.

Hesabu ilikaa kwenye karatasi miaka ishirini. Mwaka 2009 Sebastian Mühlbauer, Christian Pfleiderer na wenzao walitia fuwele ya manganizi na silikoni katika mwali wa neutroni, Garching karibu na München. Fuwele ilipozwa hata nyuzi 245 hivi chini ya sifuri, ikatiwa nguvu ya sumaku kutoka nje, na neutroni zilizopita ndani yake zikaangukia mahali sita palipojipanga kwa pembe sita. Maana yake ni kwamba ndani ya fuwele visulisuli vimejipanga kama vyumba vya sega la nyuki, na toka kimoja hata kingine ni kama sehemu 18 za milimita iliyogawanywa mara milioni. Mwaka 2010 Xiuzhen Yu na Yoshinori Tokura, na wenzao wa Japani, walivipiga picha kwa hadubini ya elektroni katika madini mengine, na tangu hapo hapakuwa na shaka tena.

Mwaka huo huo Wajerumani walionyesha ya kuwa umeme mdogo sana huvisukuma visulisuli hivi, mdogo mara laki moja hivi kuliko ule uliohitajiwa kusukuma mipaka ya kawaida. Mwaka 2013 watu wa Hamburg walikiandika kisulisuli kimoja kimoja kwa ncha ya sindano, wakakifuta, wakakiandika tena. Ndipo tumaini la viputo likafufuka: kitu kidogo, chenye kudumu, kinachosukumwa kwa umeme haba, cha kuandikia maneno na hesabu za watu. Mashine za kuhifadhi maandiko ya ulimwengu hula umeme mwingi, na yeyote atakayeupunguza atakuwa amefanya jambo kubwa.

Lakini hapa sina budi kusahihisha kosa langu. Nilipowafundisha wanafunzi wangu habari hizi niliandika ubaoni ya kuwa fundo la sumaku halifunguki kamwe. Mvulana mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, je, kamba ikiwa imefanywa kwa mchanga?" Wengine wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa alikuwa na haki. Sheria ya fundo ni ya kamba isiyokatika, na sumaku si kitambaa kimoja kisicho na mwanya. Ni atomu moja moja, na kati ya moja na nyingine pana nafasi. Mpaka uingiapo katika nafasi hiyo, msokoto waweza kutoweka. Mwaka 2013 Peter Milde na wenzake walionyesha jinsi jambo hilo linavyotokea: visulisuli viwili vilivyosimama kama nguzo huungana pole pole, na mahali vinapoungana ni nukta ambayo mwelekeo wa sindano hauna maana yoyote; nukta hiyo hushuka kama kichwa cha zipu, na nyuma yake msokoto umekwisha kufunguka. Basi neno la kweli ni hili: fundo la sumaku hulindwa na mlima wa nguvu, na mlima waweza kupandwa. Joto likiwa jingi, au kisulisuli kikiwa kidogo mno, hupandwa upesi. Niliyafuta maneno yangu ubaoni mbele ya darasa lote.

Pia ule ukaidi wa zamani ulirudi. Mwaka 2017 watafiti walitazama visulisuli vikisukumwa na umeme, wakaona haviendi sawa na njia bali hupotoka kuelekea ukingoni, na huko vyaweza kupotea. Vile viputo vikaidi vya miaka ya 1970 vilikuwa vimekwisha kulisema neno hilo. Dawa mojawapo inayojaribiwa ni kufunga visulisuli viwili pamoja, kimoja juu ya kingine, vyenye misokoto inayopingana, ili kupotoka kwa kimoja kuondolewe na kwa kingine. Visulisuli vinavyosimama bila baridi kali vilikwisha kupatikana tangu mwaka 2015 na 2016. Lakini mashine ya kuhifadhi maandiko iliyofanywa kwavyo bado haijafika madukani.

Yako na mafundo mengine. Mwaka 1931 mwanahesabu Heinz Hopf alieleza namna pete nyingi zinavyoweza kupitana zote, kila moja ndani ya mwenziwe, zisiachane. Na watu walikuwa wakijiuliza kama sindano za sumaku zaweza kujipanga hivyo. Mwaka 2023 Fengshan Zheng, Nikolai Kiselev na wenzao wa Ujerumani, China na nchi nyingine walitoa picha za kipande chembamba cha chuma na jerimani. Ndani yake nguzo za visulisuli zilikuwa zimesimama, na kuzunguka nguzo hizo, kama bangili mkononi, kulikuwa na pete za msokoto, nzima, zisizovunjika, mfano wa zile alizozitoa Tait katika sanduku lake la moshi mwaka 1867.